Mizani ya Helikopta

Vipeperushi vya utalii vilitandazwa juu ya meza ya jikoni kwa Nadine, mjini Amarillo, Texas, na Mama Verlene alivipekua kimoja kimoja bila haraka. Kiangazi kijacho angetimiza miaka themanini, na wanawe walikuwa wamekubaliana kumpeleka akalione Korongo Kuu la Arizona kabla macho hayajamzimikia. Kilichobaki ni kuchagua namna ya kuliona.

Corinne, kitinda mimba, aliyekuja na mumewe kutoka Dallas, alitaka treni. Mumewe, Dwayne, alitaka washuke kwa nyumbu, yule chotara wa farasi na punda, kwa kuwa aliwahi kupanda farasi mara moja na hajaacha kusimulia. Nadine, mtoto wa kwanza, ambaye ndiye anayeishi na mama, alisema kuna njia nzuri ya lami ukingoni mwa korongo, Mama angeweza kusukumwa taratibu kwenye kiti cha magurudumu.

"Nisukumwe na nani, wewe?" Mama akauliza. "Utaishiwa pumzi hata maegeshoni hatujatoka."

Dwayne akacheka. Mama akachukua kipeperushi cha helikopta, akakisogeza karibu na macho.

"Kila abiria atapimwa uzito kabla ya kupanda," akasoma kwa sauti, neno kwa neno. Akakiweka katikati ya meza. "Hiki hapa. Nimeshachagua."

Hakuna aliyeuliza sababu. Tangu Nadine akiwa na miaka tisa, kila Jumapili kabla ya kanisa, Mama alikuwa akiitoa mizani chini ya sinki, anamsimamisha Nadine juu yake, anasoma namba. Mchana, wageni wakiwa mezani, namba hiyo hutajwa kabla ya sala. Corinne hakupimwa hata siku moja. Mgalla muue na haki yake mpe: Mama Verlene alilea mabinti wawili peke yake kwa mshahara wa mkahawani, na hawakulala njaa. Lakini mmoja alihesabiwa kila tonge.

Kampuni ya helikopta ilitaka uzito wa kila mtu kwa simu, ili wapange nani akae wapi. Watu wa huku watakueleza mishahara yao, talaka zao, hata upasuaji wa matumbo yao, lakini uzito wao wa kweli wataingia nao kaburini. Dwayne alitaja uzito aliokuwa nao akicheza mpira wa shule. Corinne akashusha wake kidogo, kwa adabu tu. Zamu ya Nadine ilipofika, Mama hakumpa simu.

"Huyo andika ratili mia mbili themanini," alimwambia mtu wa upande wa pili. "Na mwekee kiti imara."

Nadine alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka, ila moyoni aliapa. Kuanzia wiki ile alikula mayai ya kuchemsha na mboga za majani, akazunguka uwanja wa shule alfajiri mama akiwa bado amelala, akaendelea kuvaa magauni yale yale mapana ili asigundulike. Alitaka kitu kimoja tu: apande ile mizani mbele ya Mama, namba isemwe, Mama akose la kusema, kisha wakae kiti kwa kiti na kulitazama korongo pamoja. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, na bado alitaka hilo. Mapenzi ya mtoto kwa mama hayana aibu.

Siku ya safari, miezi minane baadaye, waliondoka na gari la Nadine, lakini Dwayne ndiye aliyeendesha, maana alisema uendeshaji wa mwanamke humtia kichefuchefu. Walifika Tusayan, kijiji kilicho jirani na korongo, jua likiwa kali. Ndani ya ofisi ya kampuni, mizani ilikuwa bamba la chuma sakafuni, na namba ilitokea upande wa mhudumu peke yake. Mhudumu, mwanamke wa makamo aliyeitwa Lupe, aliwapandisha mmoja mmoja, akaandika, hakutaja chochote. Ndiyo desturi yao, na ni desturi ya huruma.

Kisha Lupe akakunja uso.

"Samahanini. Leo joto limezidi, na huku juu hewa ni nyepesi, helikopta haibebi kama kawaida. Nyie jumla yenu imepita tuliyopewa kwenye simu. Mmoja itabidi abaki."

"Mnaona sasa?" Mama akasema, akiegemea fimbo yake. Alisema kwa sauti ya kutosha foleni nzima. "Nilijua tu. Mwaka mzima nalishwa kuku wa kuchemsha mle nyumbani, kumbe kuna mtu anakula usiku."

Watu wa foleni wakatazama viatu vyao. Hii ndiyo saa ambayo Nadine alitembea kwa ajili yake alfajiri zote zile.

"Dada," akamwambia Lupe, "taja wangu."

"Dada, huwa hatutaji."

"Ni wangu. Nimekuruhusu."

Lupe akamtazama, akaelewa. "Wewe umepungua ratili sitini kuliko uzito ulioandikiwa."

Mama Verlene alifungua mdomo, ukabaki wazi. Corinne akamkodolea macho dada yake utadhani ndiyo kwanza anamwona. Lupe hakusema zaidi, lakini macho yake yakamwendea Dwayne, na Dwayne akaanza kujipapasa mkanda.

"Mimi nina mifupa mizito," Dwayne akasema.

"Basi shemeji abaki," akasema Nadine kwa furaha. "Mama, mimi na wewe tutakaa pamoja."

Mama akafikiri kidogo tu. Ufupi wa fikra ile ndio uliomchoma Nadine kuliko yote.

"Dwayne ameendesha tangu Texas, maskini. Abaki Nadine. Yeye ameshazoea."

Vitu vya mkononi haviruhusiwi kwenye helikopta, kwa hiyo Mama akamtundikia Nadine mkoba na fimbo, Corinne akampa kofia, Dwayne akamwachia ufunguo wa gari. Lupe alimnong'oneza kwamba safari inayofuata ina nafasi moja, aende bila kulipa zaidi. Nadine akamshukuru, akakataa. Korongo halikuwa haja yake kamwe.

Aliwasubiri kivulini. Waliposhuka, Mama alikuwa anang'aa. Nadine akampa kila mtu chake: mkoba, fimbo, kofia. Ufunguo akabaki nao.

"Mizigo yenu nimeshaishusha, ile pale ukutani," akasema. "Na ya Mama pia. Corinne, Mama anahamia kwako leo."

"Dada, acha utani."

"Nakutania lini mimi?"

Corinne akamtazama mumewe. Dwayne akasema nyumba yao ina ngazi. Corinne akasema ngazi, ndiyo, na zulia ni jeupe, na Mama siku hizi anajikojolea usiku. Dwayne akasema wanaweza kuchangia, kuna nyumba nzuri za wazee, hata kesho apelekwe. Walibishana hivyo nani asimchukue, mbele ya foleni ile ile, na Mama Verlene katikati yao akigeuza shingo huku na huku, mng'ao ukimtoka usoni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Nadine," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mwanangu."

Neno hilo Nadine alilingojea tangu sketi za shule. Lilipofika, hakulihisi popote. Akafungua mlango wa gari, akamsaidia mama yake kuingia, akamfunga mkanda, akaurudisha mzigo wake garini. Corinne na Dwayne aliwaacha na masanduku yao watafute basi.

Jumapili iliyofuata, wakiwa tayari wamevaa kwa kanisa, Nadine aliinama chini ya sinki, akaitoa mizani ya zamani, akaipangusa vumbi, akaiweka katikati ya sakafu ya jikoni.

"Panda, Mama."

Mama Verlene akamtazama, kisha akautazama mlango. Hakuwa na mtu wa kumwita. Akashika ukingo wa meza, akanyanyua mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama pale akitetemeka.

Nadine akasoma namba kwa sauti. Mchana walikuwa na wageni.