Mche Wenye Madoa

Mtafiti aliipaka miche yake ya nyanya ukungu wa ugonjwa, aone kama majani yatatoa vimeng'enya vya kuutafuna. Wiki tatu baadaye majani yaling'aa, naye akawa hashikiki. Mche mmoja tu, wa kule pembeni, ulikuwa na madoa yaliyokauka bila kuenea. Akaung'oa akautupa, usije ukamtia aibu mbele ya wakaguzi wa utafiti wake waliotarajiwa.

Wakaguzi walipofika, shangazi yake, msafishaji wa banda la miche, akamnong'oneza, "Tulia, mwanangu, hawataona uchafu. Kila asubuhi nimeyafuta majani yote kwa sabuni. Ule wa pembeni tu sikuufikia."

Mtafiti akatabasamu kwa taabu. Mche pekee uliojitetea wenyewe ulikuwa jalalani.