Sema Alisafiri

Usingizi unanichukua nikiwa nimekaa, mchana kweupe, kwenye benchi lililo nje ya chumba cha kamati ya bunge. Kando yangu yuko Naserian, mke wa Lemayian, mikono ameikunja mapajani kama mtu aliye matangani. Mumewe, mwalimu wa sekondari na mwenyekiti wa umoja wetu wa kutetea haki, alichukuliwa langoni kwake na watu waliofunika nyuso, siku moja tu baada ya kusimama uwanjani na kuwaambia watu kwamba Mswada wa Utulivu utatufunga midomo sote. Polisi wanasema hawamjui. Mimi ni wakili wake, Wakesho, na tunangoja niitwe niieleze kamati yaliyompata. Ukumbi una joto, feni inazunguka kwa uvivu, naitazama, naitazama, na mlango wa kamati unafunguka bila mtu kuufungua, nami nainuka naingia, na ndani hamna chumba. Mna barabara.

Barabara ni nyeupe na haina mwisho, na kila ninapopiga hatua inageuka kidogo, kama nyoka anayejinyoosha. Pembeni amesimama mtu wa suti nyeusi asiye na uso. Pale pa macho na pua ngozi imenyooka tu kama yai lililomenywa. Namwambia, ndugu yangu, namtafuta Lemayian. Anasema, kitendawili. Najibu, tega, maana ulimi umezoea tangu utotoni. Anasema, tulimbeba begani aone mbali, sasa anaona mbali, waliombeba hawaoni. Jibu nalijua, limenikaa kooni, lakini halitoki. Basi nipe mji, anasema, nami bila kufikiri nampa mji niliozaliwa. Papo hapo nauona mbele yetu, soko lake, stendi yake, akina mama wakibishana juu ya nyanya, na kwa pamoja sauti zao zote zinazimika. Midomo inacheza, hakitoki kitu. Mama mmoja anajishika koo na kunitazama mimi, siyo mwingine. Namwambia yule mtu, urudishe, nilidhani ni mchezo. Anasema, mji ukishatolewa ni wa aliyepewa, kisha anatangulia, na mimi namfuata kwa sababu hakuna mwingine wa kumfuata.

Tunaingia mji wa pili na kuta zake zote ni vioo, lakini vioo havinionyeshi nilivyo, vinatuonyesha tulivyokuwa. Namwona Ambundo, kijana mwembamba, amebebwa mabegani na Lemayian, anapiga kelele kwenye kipaza sauti, na mimi niko nyuma yao nimejifunga kitambaa chenye maji usoni kwa sababu ya mabomu ya machozi. Siku zile Ambundo alikuwa mwenzetu. Alijificha kwa mamangu polisi walipokuwa wakimsaka, na mama alimwita mwanangu. Nakimbilia picha ile, lakini kioo kinanipeleka kwenye kingine, na katika kila kioo Ambundo ananenepa na Lemayian anadidimia, kwanza nyayo, halafu magoti, halafu kifua, hadi kwenye kioo cha mwisho namwona Ambundo peke yake, amesimama wima, na ardhi chini ya viatu vyake imesawazishwa vizuri. Nanyoosha mkono nikiguse. Kumbe ni mlango.

Ndani kuna zulia zito, na Ambundo mwenyewe, waziri sasa, mwenye mswada, ananimiminia chai ya moto inayoniunguza ulimi. Karibu, dada Wakesho, mama hajambo? Namwambia mama alikufa na wewe hukuja kumzika. Anainamisha kichwa, na naona ameumia kweli, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Namuuliza, Lemayian yuko wapi? Anasema, mimi sikumchukua, nilisikia tu kama wewe. Nani alimchukua? Humu ndani, dada, kila mtu alisikia tu. Ambundo, mtu huyu alikubeba! Najua, anasema, ndiyo maana nataka arudi kwake. Anasogeza kiti karibu na kunong'ona. Kamati itakuuliza. Sema alisafiri. Sema alikuwa na mambo yake, hakuaga, mkaingiwa na hofu bure. Ukisema hivyo hakuna aliyemchukua, na kama hakuna aliyemchukua, hakuna aibu ya kumwachilia. Je, nikisema kweli? Anainua mikono. Ukisema kweli, basi yupo mwenye kosa, na mwenye kosa hawezi kukubali huyo mtu aonekane tena. Mimi siyo mkubwa kama unavyodhani, Wakesho. Nina kiti tu.

Anavuta pazia, na nyuma yake kuna kioo, na nyuma ya kioo yupo Lemayian. Amekonda. Shati lake ni lile alilotoka nalo nyumbani. Nakigonga kioo kwa viganja, naita jina lake, anainua kichwa, na naona mdomo wake haupo, ngozi imeanza kumnyooka kutoka kidevuni kwenda juu. Macho bado anayo. Yananiambia neno, lakini macho ya mtu anayekataza na macho ya mtu anayeomba, bila mdomo, yanafanana. Nisemeje, Lemayian? Miaka yote ulituambia woga wa mmoja ni kamba ya wote. Lakini Naserian je, na wanao je? Ngozi inapanda, imefika puani. Ambundo anasema kwa upole, haraka, dada. Nafungua kinywa, na maneno yanatoka, na kipaza sauti kilichotokea mbele yangu kinayameza kabla sijayasikia.

Naserian ananitikisa bega. Niko kwenye benchi, mlango wa kamati umefungwa, na askari wa bunge anapita akiniambia, asante wakili, maelezo yako yamepokelewa, nendeni tu nyumbani. Namwambia bado sijaitwa. Anacheka kidogo na kwenda zake, na mwanga wa dirishani umempiga mgongoni, uso wake siuoni. Namuuliza Naserian, nimeingia mle? Simu inalia mkononi mwake, na akiisikiliza anakaa chini sakafuni, analia na kucheka. Ni yeye, anasema, ni mume wangu, Baba Sein, yuko nyumbani! Anasema alisafiri tu. Anasema tusiulizeulize. Ananipa simu nimsikie, nami naiweka sikioni, na upande wa pili mtu anapumua, hasemi kitu. Lemayian, naita. Anapumua. Naufinya mkono wangu hadi unauma, lakini hata chai ya mle ndani iliniunguza ulimi. Naserian amekwisha kuinuka, ananivuta, twende, Wakesho, twende tukamwone, na mimi namfuata ukumbini, naogopa kuamka, naogopa zaidi kwamba niko macho.