Rezista za Dirishani kwa Mama

Kiharusi kilimwachia Mama mguno tu. Wa ndiyo na wa hapana ni kama pacha. Sisi tulibahatisha, na akinyweshwa chai asiyoitaka machozi humtoka. Nikaapa kumjengea kisanduku cha kumsikiliza: saketi inayojifunza kama ubongo mdogo, yenye maikrofoni, taa ya kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana.

Kujifunza kwake ni kukaza na kulegeza njia za umeme. Kila muunganiko una rezista, kipande cha kuuzuia umeme, na ukinzani wake lazima ubadilishwe na umeme wenyewe, si bisibisi. Sasa nichague ipi? Swali hilo lilininyima usingizi kwa raha. Zile za chipu za kidijitali hubadilisha ukinzani ngazi kwa ngazi. Nikahofia jibu litakwama katikati ya ngazi mbili. Transista hazikutulia. Nikazipenda za mwanga: taa ndogo humulika kihisi ndani ya mrija mweusi, mwanga ukizidi, ukinzani hushuka taratibu, bila kuruka. Nilizitengeneza mwenyewe, na ukipenda, chongo huita kengeza.

Tulikifundisha kwa maswali ambayo majibu yake tunayajua. Mama mdogo ndiye aliyeuliza, mimi nikikionyesha kisanduku taa iliyo sahihi.

"Dada, wewe ni mbuzi?"

Mama akaguna.

"Haya, na huyu ni mwanao?"

Akaguna tena. Jioni hiyo kisanduku kikaanza kupatia.

Asubuhi taa zikapagawa. Jua la dirishani lilikuwa limepenya mirija yangu. Nikaizungushia utepe mweusi. Joto likavuruga upya. Nikavuta pazia, mashine ikatulia. Mbuzi, nyekundu. Mwanao, kijani. Nilitaka kurukaruka.

Kisha nikauliza swali la kwanza nisilojua jibu lake. "Mama, tuliache pazia limefungwa?"

Nyekundu.

"Imekosea hii," nikasema, nikauliza tena.

Nyekundu.

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. "Haijakosea, mwanangu. Umekataliwa!"

"Lakini Mama, likiwa wazi hatutakuelewa mpaka nibadilishe rezista zote. Nifungue hivyo hivyo?"

Kijani.

Nilifurahi, na iliniuma. Nikafungua. Taa zikapagawa, Mama akageuza macho kutazama watu wa barabarani. Nikawasha chuma cha kulehemu, nikaanza kung'oa rezista zangu za mwanga, moja moja, ili niweke zile za chipu, za ngazi, zisizojali jua.

Mama mdogo akaleta chai. Akamtazama dada yake, akanitazama mimi, tukaanza kubahatisha upya.