Milimita Kumi na Tano

1.
KIJITABU CHA SIMU, UKURASA WA 31

Kifaa hiki hutoa mawimbi ya redio kila kinapotafuta mtandao. Ukikibeba mwilini, kiache umbali usiopungua milimita kumi na tano. Usi

(hapa ukurasa umechanika)

2.
Niliyesoma ni mimi, Subilaga, mdogo wake. Nasema mapema msije mkaniambia nimeficha. Nyumbani kwetu Tukuyu msomaji ni mmoja tu, mimi niliyefika kidato cha nne. Dada Atuganile akipewa karatasi yoyote, ya shule, ya kanisa, hata ya dawa ya kuku, ananikabidhi na kutulia kusikiliza. Na mimi napenda kusikilizwa. Andikeni na hilo.

3.
Wanawake wa soko la ndizi huweka wapi simu?

Kwenye sidiria.

Pochi huibwa. Fundo la kanga hulegea ukiinamia mikungu. Dada aliiweka kushoto, ili mkono wa kulia uichomoe upesi mteja akipiga.

Miaka tisa.

4.
KADI YA KLINIKI
Jina: Atuganile Mwaisaka. Umri: 43.
Uvimbe titi la kushoto, ukubwa wa punje ya harage.
Sampuli imechukuliwa.
Majibu: mgonjwa atapigiwa simu.
Namba ya ndugu: ileile ya mgonjwa.

5.
Aliporudi kutoka kliniki aliniuliza kama simu ndiyo iliyomletea uvimbe. Nesi alikuwa amemwambia hakuna aliyethibitisha jambo hilo, na kwamba kazi yake sasa ni kusubiri majibu. Lakini nesi alikuwa mbali, na mimi nilikuwa karibu. Nikatafuta boksi la simu, nikatoa kijitabu, nikasoma kwa ile sauti ninayosomea neno kanisani. Tukachukua rula ya mwanawe tukapima.

"Mimi niliiweka sifuri," dada akasema.

Nikamwambia basi ndiyo hiyo. Iondoe, uvimbe utanywea wenyewe.

Jamani.

6.
Tuliizima tukaifungia kwenye sanduku la vitenge. Wiki ya kwanza akasema anaona umepungua. Nikagusa, nikasema kweli, umepungua.

Haukupungua.

Nilijua vidole vyangu vimegusa nini.

7.
Yaliyosemwa sokoni:

Siku hizi Atu hapatikani, amepata mwanaume wa Kyela.
Mwache aringe, ndizi zitamwozea.

Alicheka nao. Aliporudi nyumbani alikaa jikoni akatenga ndizi zilizoanza kuoza.

8.
DAFTARI LA NESI
Tarehe 4: haipatikani.
Tarehe 6: haipatikani.
Tarehe 11: haipatikani.
Tarehe 19: haipatikani. Meseji imetumwa.
Tarehe 27: haipa

9.
Wewe unayesoma, usinihukumu haraka. Ungefanyaje na mtu anayekuamini hivyo? Ungemwambia hujui?

Ndiyo. Ungemwambia hujui. Ni neno moja tu, na mimi lilinishinda.

10.
Wiki ya saba uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa yai la njiwa. Nilifungua sanduku bila kumuuliza. Simu ilipowaka, meseji zikaingia mfululizo: tafadhali fika haraka, tafadhali fika haraka. Nikapiga, nikaweka spika, nikailaza mezani kati yetu.

Nesi hakugomba. Aliuliza tu kwa nini mama hakupatikana muda wote huo. Nikafungua mdomo ili niseme. Dada akanishika goti akalibana.

"Simu ilikuwa mbovu, nesi."

"Kwa muda gani?"

"Wiki saba."

Upande wa pili



Tulidhani mtandao umekatika. Kisha nesi akasema kesho, Mbeya, saa moja asubuhi, asikose. Akamwambia asije peke yake, aje na ndugu wa kumtegemea.

Dada alikuwa bado ameshika goti langu.

"Ninaye," akasema.