Siku ya Sitini na Mbili ya Eda

57.
Zimebaki siku sabini na tatu za eda. Zamoyoni huzihesabu kwenye kalenda ya ukutani, nyumbani kwa wakwe zake, tangu Jumbe, mumewe, aondoke kwa homa ya siku tatu.

TANGAZO
Msailiwa namba 0418, nafasi ya Afisa Tawala, anaitwa kwenye usaili wa kuandika Jumamosi saa tatu asubuhi. Atakayechelewa hataruhusiwa kuingia. Udhuru hautapokelewa.

Namba ni yake, na Jumamosi ni siku ya sitini na mbili.

58.
Ibara ya 66. Wabunge wanawake wa viti maalum: wasiopungua asilimia thelathini.
Pembeni, mwandiko wa Jumbe: *Hili hutoka mtihanini. Usilikimbie.*
Akafunga daftari.

Akalifungua.

59.
Mama mkwe, Bi Mwamini, alileta uji, akamkuta akisoma kwa sauti, akakaa kitandani.
"Hivyo viti ni vya nani?"
"Vya wanawake, mama. Chama hupewa kwa uwiano wa kura zake."
"Wenyewe hawazunguki kuomba kura?"
"Jimboni, hapana. Chama ndicho hupeleka majina."
"Kwa hiyo mtu akikusahau kwenye karatasi…"
"Unabaki nyumbani."
Bi Mwamini aliutazama uji mpaka ukaganda juu.

60.
Shemeji Swedi alisimama mlangoni, macho chini.
"Mjane hatoki. Watu watasema kaburi la kaka halijakauka, naye…"

"Nimemuuliza shekhe," alisema Bi Mwamini. "Kwa haja, mchana, anatoka."
"Haja gani, mama? Hapa anakula, analala."
"Na mimi nimekula na kulala humu miaka thelathini na minane, Swedi."



61.
Nje ya dirisha, majirani wakichota maji:
— Eti atakwenda kwenye mtihani.
— Na eda?
— Ndiyo hapo.
Zamoyoni alikuwa amefika kwenye *uwiano*. Alilisoma neno hilo mara tisa.

62.
Saa moja. Swedi kakaa kizingitini, kauziba mlango.

Saa moja na nusu.

Saa mbili. Bi Mwamini alitoka chumbani amevaa baibui la safari. Akamshika Zamoyoni mkono. Ulikuwa umefumbata kalamu mbili.
"Tupishe, mwanangu. Nampeleka mimi."
"Mama, nitawaambia nini watu?"
"Waambie umetupisha."

Swedi aliitazama miguu yao minne. Akakunja mguu mmoja.

Wa pili ukafuata, nao wakapita.