Imeshika

Tangu Eliaichi aungue mkono, kona ya kanga yake nyekundu ilikuwa imeanza kuliwa. Rogathe, mkwe wake, aliiona siku ya kufua. Pindo lilikuwa limechanika vijitundu vijitundu, na nyuzi zinaning'inia. Akajua ni panya. Msimu wa baridi huko Vudee, milimani, panya huhamia ndani kama wapangaji. Akanunua mtego, akachomeka kichwa cha dagaa, akausukuma chini ya kitanda cha mama mkwe wake. Panya hakunaswa, ila kanga iliendelea kuliwa.

Kilichomuunguza Eliaichi ni makande. Alikuwa anaepua sufuria mafigani, kitambaa cha kuepulia kikateleza, na mchuzi wa maharage ukamwagikia mkono wa kushoto, kutoka karibu na kiwiko hadi kifundoni. Rogathe alimmiminia maji baridi mpaka ndoo ikaisha, akateka nyingine, kisha akampeleka zahanati. Muuguzi alimfunga vizuri, akampa Rogathe vipande vya gozi yenye mafuta, ule utambaa mwembamba wenye matundu kama chandarua, vya kubadilishia nyumbani. Akawaambia wasikae muda mrefu bila kurudi.

Hawakurudi.

"Njia yenyewe mteremko, na kwa utelezi huu utaanguka bure, mama," Rogathe alisema. "Mimi nipo. Nitakufunga mwenyewe."

Eliaichi alitazama njia, akamtazama mkwe wake. "Haya, mwanangu. Kama unaweza."

Kweli Rogathe aliamini anaweza. Shuleni alikuwa skauti, alifundishwa huduma ya kwanza na kupigiwa makofi mbele ya wazazi. Tena alikuwa ameolewa karibuni tu, mumewe Anold anafanya kazi Mwanga, na alitamani sana kumtendea mama huyu jambo moja la kukumbukwa.

Ile gozi ya mafuta haikumpendeza. Ilinata vidoleni, na rangi yake ilikuwa kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Ilipoisha hakusikitika. Alinunua pamba dukani kwa jirani, nyeupe, laini kama shavu la mtoto, akaitandaza juu ya kidonda, akazungushia bandeji kwa ustadi mpaka akatamani mtu aje aone. Kitu kisafi kiasi kile kingeweza kudhuru vipi?

Kila asubuhi, baada ya chai, alileta kigoda na beseni.

"Shikamoo mama. Vipi, imeshika?"

"Marahaba. Imeshika, mwanangu. Imeshika kabisa."

Moyo wa Rogathe ulitulia. Dawa imeshika! Basi Eliaichi aligeukia ukutani, akajifunika kanga usoni, na Rogathe akaivuta pamba kwa mara moja, haraka, kwa kuwa aliona haraka ndiyo huruma. Damu ilitoka. "Ni uchafu huo unatoka," alimwambia kwa upole, na kutoka ndani ya kanga hakusikia neno.

Kanisani Eliaichi alijivuna. "Mimi zahanati nifuate nini? Daktari wangu ninaye jikoni."

"Daktari wa makande!" jirani yao Beatha alimtania, na wanawake wakacheka. Rogathe alicheka nao, uso umemuwaka kwa furaha.

Pamba ilipokwisha, aliteremka Same mjini kwa shughuli zake na kupitia duka la dawa la Sharifa, mama mmoja wa makamo, hodari wa kazi yake, ambaye hakuwahi kumuuzia mtu kitu bila kumuuliza.

"Pamba ya nini, mdogo wangu?"

"Ya kufungia kidonda cha moto. Cha mama mkwe."

"Kimekauka?"

"Bado kibichi. Lakini dawa imeshika, mwenyewe anasema kila siku."

Sharifa aliirudisha pamba rafuni. "Unailaza juu ya kidonda kibichi? Pamba yenyewe, bila kitu chini?"

"Ndiyo. Si ni laini?"

"Hebu niambie. Huyo mama anaposema imeshika, ni dawa iliyoshika au pamba?"

Rogathe alifungua mdomo ajibu, akaikumbuka kona ya kanga. Vile vijitundu vilivyojipanga nusu duara. Panya gani anatafuna nusu duara?

"Kaa kwanza," Sharifa alisema, akimsogezea stuli. "Kila ukibandua, unang'oa ngozi changa iliyoota usiku. Ndiyo maana hakiponi. Chukua hii." Ilikuwa gozi ileile ya mafuta. "Hii haigandi. Ya mafuta ilale kwenye kidonda, gozi kavu ije juu yake ili inyonye majimaji, bandeji iwe ya mwisho. Zipo na hizi pedi za kidonda, zenye upande unaong'aa. Ule unaong'aa ndio ulale chini. Kwa kidonda kibichi hivyo, hii ya mafuta ni bora. Usiibadilishe ovyo. Na hiyo pamba iliyoko sasa, ilowanishe maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa. Usivute! Iache mpaka ikubali. Kesho mpeleke zahanati wakione. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Njia nzima ya kupanda mlima alihesabu asubuhi zile zote, akishindwa kukumbuka hata moja ambayo alikuwa ameuliza, "Inauma?"

Alimkuta Eliaichi kibarazani akipukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Rogathe alipiga magoti kabla hata ya kuvua viatu vyenye tope.

"Mama, pamba ilikuwa inanata kidondani?"

"Si nilikwambia? Imeshika. Nilikuwa nakwambia kila siku."

"Mimi nilidhani dawa." Machozi yakamtoka. "Kwa nini hukupiga kelele? Hata kunisukuma!"

Eliaichi alikung'uta makapi mapajani. "Ulikuwa unakuja na beseni lako umefurahi hivi. Nikisema inauma, ningekuwa mama mkwe gani? Na nilishakusifu kwa watu."

Jambo hilo lilimuuma Rogathe kuliko kama angetukanwa.

Alichemsha maji, akatia chumvi, akangoja yapoe. Akanawa mikono kwa sabuni. Eliaichi aligeukia ukutani kama kawaida, akaweka kona ya kanga kati ya meno, akafumba macho. Rogathe alimimina maji polepole, akangoja, akamimina tena. Jua lilihama kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Pamba ilianza kulegea, ikaachia upande mmoja, kisha mwingine. Nyuzi chache ziligoma, akaziacha. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, imechubuka kwa mikono yake mwenyewe. Alilazimika kuitazama yote.

Alilaza gozi ya mafuta. Akafunga.

"Kesho twende zahanati, mama."

"Watasema mkwe wangu kaniharibu mkono. Beatha ataimba mpaka Pasaka."

"Waseme. Nitawaambia mwenyewe kabla hawajauliza."

Na alimwambia muuguzi, kila kitu, mbele ya foleni nzima, uso ukimwaka. Muuguzi alikisafisha kidonda, akasema hakijaoza, kitapona, ila kimecheleweshwa, na kovu litakuwa pana. Neno hilo, kimecheleweshwa, Rogathe alirudi nalo nyumbani.

Siku ya kubadilisha ilipofika waliteremka tena zahanati, wameshikana mikono kwenye utelezi. Eliaichi aliuma kanga yake, akageuza uso. Muuguzi aliinua gozi, ikatoka bila kuacha kitu. Kitambo kikapita.

"Bado?" Eliaichi aliuliza, kanga ikiwa mdomoni.

"Imeshatoka, mama," Rogathe alisema.

Eliaichi aligeuka, akautazama mkono, akaitema kanga taratibu kama mtu aliyeambiwa amefika kumbe alikuwa bado anajiandaa kwa safari.

Jioni Rogathe aliinama chini ya kitanda, akautoa mtego. Dagaa alikuwa amekauka juu yake.

"Kwani panya amekamatwa?" Eliaichi aliuliza, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Wiki zote hizi nilikuwa naogopea vidole vyangu tu."

Rogathe alishindwa kucheka. Alikaa chini sakafuni na mtego mapajani.

"Amekamatwa, mama," alisema.

Eliaichi alinyoosha mkono wake mzima, akamwekea kichwani, na akauacha hapo.