Kipimo cha Vidole

Gereji nzima ilimwita Sikio, kwa kuwa aliweza kusikiliza injini huku anakunywa chai, na kikombe hakijaisha akawa ameshautaja ugonjwa wake. Sifa zikamlevya. Macho yalipoanza kumtupa mkono, miwani aliyonunuliwa na mkewe aliifungia kwenye droo ya misumari. Eti fundi wa kuvaa miwani, nani atampa gari?

Basi akabadilisha kamshafti iliyolika, ule mhimili unaofungua na kufunga valvu, kwenye gari la mwalimu mmoja. Ile mpya ilipoingia, injini ikagoma. Ilizunguka tu, haina nguvu, na Sikio akajua valvu, vile vizibo vya hewa, hazifungi. Hata kifuniko hajafungua, mdomo ukamtangulia.

"Mwalimu, hizi valvu zimesagwa vibaya."

Aliyezisaga, wakati kamshafti inabadilishwa, ni mdogo wake wa kike, mwenye karakana mtaa wa pili. Tumbo moja, ziwa moja! Kufikia adhuhuri maneno yalikuwa yamemfikia tajiri wa mabasi, mteja mkubwa wa dada huyo, naye akatuma dereva akachukue vyuma vyake vyote.

Mdogo mtu akaja na mpira wa kompresa begani. Hakugomba. "Shikamoo, kaka," alisema, na shikamoo hiyo ikamchoma Sikio kuliko tusi. Mwalimu alikuwepo, na dereva wa tajiri naye akasimamisha toroli lake lenye vyuma hivyo mlangoni atazame.

Dada akafungua kifuniko, akachomoa plagi, akazungusha injini mpaka pale ambapo valvu za silinda ya kwanza zinapaswa kuwa zimefunga, kisha akaingiza hewa kwenye tundu la plagi. Ikavuja, shiii. Akalegeza kidogo skrubu za roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke. Kimya.

"Valvu nzima, kaka," akasema kwa sauti ya chini. "Roka ndizo zinazozikandamiza zisirudi. Nafasi ulipimaje?"

Sikio akavitazama vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, kila kimoja na namba yake. Namba hizo alikuwa hazioni tangu mwaka jana. Alichagua kibamba kwa vidole, akibahatisha unene, akaacha roka bila nafasi hata ya kupita unywele. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Dada akamtazama machoni, akaelewa. Akaanza kukunja mpira wake.

"Mwambie mwalimu nitazisaga upya," akanong'ona. "Yaishe."

Hapo Sikio akakumbuka. Kumshika mkono binti huyu na kumfundisha spana alikuwa yeye, na siku ya kwanza kabisa alimwambia fundi asibebeshe mwenzake kosa lake. Sasa mwanafunzi yuko tayari kupoteza mkate wake ili aliyemfundisha asiumbuke.

"Mwalimu," Sikio akasema. "Mdogo wangu hana kosa. Kosa ni langu. Nimemsingizia. Namba za vipimo sizioni, na nimeona haya kusema."

Dereva aliguna, akatazama toroli lake. Sikio akainamia injini na bisibisi mkononi, masikio yanawaka moto, akamnyooshea dada vile vibamba.

"Nisomee, mdogo wangu."

"Ishirini," dada akanong'ona.

"Kwa sauti," akasema. "Wasikie."